Je, wajua? Ukinunua kiwanja chenye sumu, nani hulipia kukisafisha?

Tuseme kuna kiwanja Tabata, Dar es Salaam, kilichokuwa gereji kwa miaka 20. Oili chafu ilimwagwa chini kila siku. Betri kuukuu zilipasuliwa kwenye kona ile ile ili itolewe risasi iliyomo, yaani ile metali nzito yenye sumu, si ya bunduki. Mafundi walipohama, mwenye eneo alishusha kifusi, akasawazisha, akapaka rangi ukuta. Dalali akakuleta, ukapenda, ukalipa. Siku ya kuchimba msingi, sepetu inaibuka na udongo mweusi unaonuka dizeli, na jirani anakuambia maji ya kisima chake yameanza kunuka vilevile. Kuondoa udongo huo malori kwa malori na kuleta mwingine si pesa ndogo. Nani anazitoa?

Jibu la haraka ni aliyechafua, na ndivyo inavyoanza Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: mchafuzi alipe. NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira, inaweza kumpa amri ya kurejesha mazingira, yaani aondoe uchafu na kulirudisha eneo katika hali yake. Akikaidi, kazi inaweza kufanywa na wengine kisha yeye akadaiwa gharama.

Lakini mchafuzi huhama, sumu hubaki. Risasi haiozi. Mwenye gereji hapatikani, au kampuni yake imeshakufa, na mtu pekee anayeonekana juu ya ardhi ile ni wewe. Hapo inaingia sheria tuliyorithi kwa Waingereza: mmiliki akishajua kuwa kitu kilichomo kwake kinamdhuru jirani, kisha akakiacha, anaweza kushitakiwa hata kama hakukianzisha yeye. Kwa hiyo hatari yako kubwa inaanza asubuhi ile sepetu ilipoibuka nyeusi, ukaamua kufukia na kuendelea na ujenzi.

Uingereza kwenyewe wameliandika hilo waziwazi katika utaratibu ulioanza kutumika mwaka 2000. Anatafutwa kwanza aliyechafua. Asipopatikana, mzigo unamwangukia mmiliki au anayelikalia eneo. Marekani ni wakali zaidi. Kwa sheria yao ya mwaka 1980, mmiliki wa sasa anaweza kudaiwa gharama zote, labda athibitishe kwamba kabla ya kununua alichunguza ipasavyo na hakuona kitu.

Ukali huo una chanzo chake. Kule Niagara Falls, jimbo la New York, kampuni ya Hooker Chemical ilifukia takribani tani 21,000 za kemikali katika mfereji uliotelekezwa, Love Canal. Mwaka 1953 iliiuzia bodi ya shule eneo hilo kwa dola 1, na ndani ya hati ikaandika kwamba madhara yakitokea isidaiwe. Ikajengwa shule, zikajengwa nyumba. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura na familia zikahamishwa. Yale maneno ya kwenye hati hayakuokoa mtu: mwaka 1995 Occidental, iliyokuwa imeinunua Hooker, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 129. Kwangu hili ndilo fundisho zito kuliko yote. Mkataba unaweza kugawa lawama kati ya muuzaji na mnunuzi, lakini haumfungi jirani aliyekunywa maji yale, wala hauifungi serikali. Na anayenunua kampuni anaweza kuwa amenunua na madeni yake ya udongo.

Jirani zetu wa Mombasa wameyapitia. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilieneza risasi kwa wakazi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3 na eneo lisafishwe, la sivyo zitolewe milioni 700 nyingine za kulisafisha. Waliobebeshwa si kiwanda peke yake, bali na taasisi za serikali zilizofumba macho, hata mwenye ardhi aliyekipangisha kiwanda. Fidia hiyo ilipingwa na kufutwa kwenye rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha mwaka 2024.

Dar es Salaam nako watu wamewahi kusimama. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa dampo lililokuwa likiwafukizia moshi na uvundo, wakashinda.

Sasa, kabla hujanunua mbuzi kwenye gunia: usiishie kutazama hati. Muulize mjumbe na wazee wa mtaa kulikuwa na nini pale, gereji, kituo cha mafuta, kiwanda cha ngozi. Chimba mashimo mawili matatu kwenye pembe, uupeleke udongo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu yabandike kwenye mkataba wa mauziano, pamoja na kifungu kinachomtaka muuzaji alipe kama kuna alichokificha. Ukishakuta sumu, toa taarifa NEMC kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.