Wimbo wa Paka Wawili: Muziki ni wa Rossini, Wimbo si Wake

Wimbo una neno moja tu: miau. Wanauimba watu wawili, aghalabu soprano wawili (wanawake wa sauti ya juu), piano ikiwasindikiza, na kwa dakika chache hakuna neno jingine litakalosikika. Kwenye karatasi za tamasha huandikwa *Duetto buffo di due gatti*, yaani duweti (wimbo wa watu wawili) ya kuchekesha ya paka wawili, na mbele yake jina la Gioachino Rossini, mtunzi wa opera wa Kiitalia. Mimi nafundisha uimbaji wa opera. Wimbo huu naupenda kwa dhati, na ndiyo maana nataka haki itendeke juu ya jina hilo. Rossini hakuutunga. Nota nyingi zilizomo ni zake, lakini wimbo wenyewe ulishonwa na mtu mwingine, na bila kumjua huyo mtu huwezi kuelewa kwa nini mzaha huu umedumu miaka 200 ilhali mizaha mingi ya muziki hufa pamoja na wageni waliohudhuria.

Ulichapishwa London mwaka 1825. Aliyetajwa kuwa mtayarishaji ni G. Berthold, jina ambalo halina kazi nyingine ya maana nyuma yake. Inadhaniwa kwamba ni jina la bandia la Mwingereza Robert Lucas Pearsall.

Ukiwahi kuimba katika kwaya inayopenda nyimbo zisizo na ala, huenda Pearsall unamfahamu tayari. Alizaliwa 1795 Clifton, karibu na Bristol, akasomea sheria, kisha akaiacha kazi ya uwakili na kuhamia Ulaya bara pamoja na familia yake. Mwaka 1825, mwaka uleule wa paka, alikuwa Mainz, Ujerumani. Alizama katika muziki wa kwaya wa karne ya 16, wakati ambapo watu wachache walijali. Kutokana na kuzama huko tukapata “Lay a Garland”, wimbo wa sauti 8 alioutunga 1840, ambao kwangu mimi ni miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote zilizoandikwa kwa kwaya nchini Uingereza katika karne ile. Sauti zinaingia moja baada ya nyingine, kila moja ikiikwaruza iliyotangulia kidogo tu kisha ikatulia, na huzuni inaongezeka bila mtu yeyote kupaza sauti. Mpangilio wake wa “In dulci jubilo” bado unaimbwa makanisani kila Krismasi. Alifia Uswisi mwaka 1856, kwenye kasri la Wartensee, akiwa mtu wa makaratasi ya kale na muziki wa kale. Huyo ndiye, kwa ushahidi tulio nao, aliyekaa chini kuwapangia paka wawili sehemu zao.

Alichofanya si kutunga wimbo mpya. Alichukua vipande vitatu vilivyokwishaandikwa na watu wengine, akaviunganisha.

Kipande cha kwanza, ule mwanzo wa polepole wenye manung'uniko, kimetoka kwa Christoph Ernst Friedrich Weyse, katika wimbo wake uitwao *Katte-Cavatine*. Weyse naye si mchekeshaji. Alizaliwa Altona mwaka 1774, akahamia Copenhagen akiwa kijana, na tangu 1805 hadi kifo chake 1842 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa kuu la mji huo. Nyimbo zake za asubuhi na jioni bado ni mali ya kila Mdenishi aliyesoma shule. Kwa hiyo paka wa kwanza alitoka mikononi mwa mtu wa kanisani, kabla Mwingereza hajamgusa.

Vipande viwili vilivyobaki ni vya Rossini, na vyote vinatoka sehemu ya pili ya opera moja: *Otello*. Hapo ndipo mambo yanaponoga.

*Otello* ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Naples, Desemba 1816. Ni opera ya msiba. Rossini aliwaandikia watu watatu wa tenori, sauti ya juu ya kiume, sehemu kubwa ndani yake: Otello, Iago na Rodrigo. Katika sehemu ya pili Rodrigo anampenda Desdemona, naye anamjulisha kwamba moyo wake na ndoa yake viko kwa Otello. Rodrigo anavunjika. Anaimba “Ah, come mai non senti”, akimuuliza inawezekanaje asiyaonee huruma mateso yake. Muda si mrefu Iago anamwonyesha Otello barua, na Otello anaamini kwamba mkewe amemsaliti. Wawili hao wanaimba pamoja kuhusu kisasi. Mwisho wa njia hiyo ni mauaji.

Sasa funga macho, ondoa maneno yote, weka miau. Kipande cha duweti ya Otello na Iago ndicho sehemu ya katikati ya wimbo wa paka. Kilio cha Rodrigo ndicho mwisho wake wa kasi, pale paka wanapokimbizana juu na chini. Paka wetu hawaimbi wimbo wa kitoto. Wanaimba wivu, kisasi na moyo uliokataliwa, nota zilezile zilizoandikwa kwa ajili ya mambo hayo.

Hii ndiyo sababu nasema mzaha huu una akili. Mtu anayetaka kuiga paka kwa haraka angeandika milio tu, na kicheko kingeisha baada ya nota 20. Huyu alitambua kwamba muziki wa opera ya Kiitalia wa wakati ule unabeba hisia yote ndani ya mstari wa sauti: jinsi unavyopanda, unapokata pumzi, unavyorudia maneno kwa madoido zaidi mara ya pili. Maneno yanaweza kuondoka na hasira ikabaki pale pale. Mshairi Byron aliitazama *Otello* hii Venice mwaka 1818, akaandika kwamba muziki ni mzuri ingawa umejaa majonzi, lakini maneno ni upuuzi mtupu. Pearsall, kama ni yeye, aliuchukua ukweli huo akaufikisha mwisho wake: kama maneno hayana kazi, tuyaondoe tuone kitakachobaki. Kimebaki kila kitu.

Wala Rossini mwenyewe asingekuwa na hoja ya kumpinga. Ile overtura, yaani muziki wa ufunguzi, ya opera yake *Kinyozi wa Seville*, ambayo masikio yetu yanaihesabu kuwa muziki wa vichekesho kupita wote, haikuandikwa kwa vichekesho. Aliitumia kwanza 1813 katika *Aureliano in Palmira*, hadithi ya mfalme wa Kirumi na vita, akaitumia tena 1815 katika opera kuhusu malkia Elizabeth wa Uingereza, na 1816 ndipo ikamfikia kinyozi. Muziki mmoja, nyuso tatu. Aliyewapa paka kilio cha Rodrigo alikuwa anafuata njia ambayo mwenye muziki aliipita kabla yake.

Wakati nao uliruhusu. Rossini alifika London mwishoni mwa 1823, akakaa hadi kiangazi cha 1824, akipokelewa na mfalme George IV na kualikwa kwenye majumba ya matajiri kuimba na kupiga piano. Mzaha unahitaji watu wanaojua kinachofanyiwa mzaha. Mwaka 1825 watu wa aina hiyo hawakukosekana pale, wenye nyimbo za *Otello* vichwani, ambao wangeutambua mstari wa Rodrigo hata ukilia kama paka juu ya paa.

Kwa nini basi jina la Rossini likashika? Sehemu ya jibu ni biashara, jina kubwa huuza karatasi. Sehemu nyingine ni kwamba tabia yake inafanana na wimbo. Baada ya *Guillaume Tell* ya 1829 hakuandika opera tena, na miaka yake ya mwisho mjini Paris aliijaza vipande zaidi ya 150 alivyoviita dhambi za uzee. Kimoja kinaeleza kwa piano safari ya treni ya kujifurahisha: treni inaacha reli, abiria mmoja anakwenda mbinguni, mwingine jehanamu, na warithi wanaomboleza kwa muziki wenye furaha waziwazi. Mtu aliyeandika hayo angeweza kuandika paka pia. Lakini “angeweza” si sawa na “ameandika”.

Paka wa muziki hawakuanza naye wala na Pearsall. Mwaka 1608 mtawa wa Bologna, Adriano Banchieri, alichapisha kipande ambamo mbwa, kekeo, paka na bundi wanaimba kwa pamoja juu ya besi, mwimbaji wa sauti nzito ya chini, anayetamka Kilatini cha uongo. Mwaka 1925 Maurice Ravel aliwapa paka wawili duweti ya mapenzi katika *L'enfant et les sortilèges*, na hiyo haichekeshi hata kidogo. Inatisha, ni usiku wa bustani kweli. Wote hao walikuwa mafundi wakubwa. Nadhani kuna sababu, nayo iko kinywani.

Itamke miau polepole. Midomo imefungwa kwenye m, sauti inatetemeka puani. Inafunguka kwenda i, iliyo mbele na nyembamba. Inapanuka hadi a, kinywa wazi kabisa. Inajikunja kwenye u. Ndani ya silabi hiyo mwimbaji amepita karibu njia nzima ya vokali ninayowafundisha wanafunzi wangu kwa miezi. Ukiivuta juu ya nota ndefu, unaweza kuchagua ni vokali ipi ikae kwenye nota ya juu, na uchaguzi huo ndio tabia ya paka wako: aliyekaa kwenye i ni mkali na mchokozi, aliyekaa kwenye a anabembeleza, anayekimbilia u amenuna. Nampa mwanafunzi wimbo huu akiwa ameshajua kuunganisha sauti vizuri, si kabla, kwa sababu mbio za mwisho zinadai pumzi ileile anayohitaji Rodrigo jukwaani.

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni waimbaji kucheka wao wenyewe. Wanakuja na masikio ya karatasi, wanakwaruzana makucha, wanapuuza nota. Hadhira inacheka mwanzoni, halafu inachoka, maana haina cha kusikiliza. Februari 1967, kwenye tamasha la kumuaga mpiga piano Gerald Moore katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, Victoria de los Ángeles na Elisabeth Schwarzkopf waliuimba. Rekodi ipo, isikilize. Hao ni wanawake waliokuwa kileleni mwa uimbaji duniani, na hawapunguzi hata chembe ya ufundi wao. Kila miau ina mwanzo safi, ina mwelekeo, inamjibu mwenzake. Kicheko cha ukumbi kinazidi kadiri wanavyozidi kuwa makini.

Kwa hiyo nikiwapa wanafunzi wawili duweti hii, wiki ya kwanza hawaimbi miau. Wanasoma maneno ya Rodrigo kwa Kiitalia, wanaimba mstari wake kama ulivyo ndani ya *Otello*, wakiwa wamekataliwa kweli. Miau inaingia wiki ya pili, juu ya pumzi zilezile. Na kwenye karatasi ya tamasha letu jina linaandikwa hivi: G. Berthold, labda ndiye Pearsall, kutoka kwa Weyse na Rossini. Mstari unakuwa mrefu, lakini majina yote manne yamo.