Profesa wa uchaguzi anasomea nini hasa?

Watu wakishajua nafundisha sayansi ya siasa na utafiti wangu ni wa uchaguzi, swali la kwanza ni lile lile, prof nani atashinda, na nikisema sijui naona kabisa mtu ananitazama kama vile miaka yote ya shule ilienda bure.

Ngoja nieleze. Digrii ya kwanza unasoma siasa kwa mapana, katiba, vyama, serikali zinavyoendeshwa, na wengi wetu tuliikimbilia tukidhani tumeshaagana na hesabu, kumbe hesabu ilikuwa inatusubiri masta na PhD, maana utafiti wa uchaguzi bila takwimu ni porojo tu. Mfano tunaopewa mapema ni wa uchaguzi wa rais Marekani 1936, jarida la Literary Digest lilikusanya majibu ya watu zaidi ya milioni 2 likatabiri mgombea Landon atamshinda Rais Roosevelt, Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Wingi haukusaidia, orodha yao ya watu wa kuuliza ilijaa wenye simu na magari, yaani wenye hela zao wakati ule.

Lakini hiyo ya sampuli, yaani kuchagua wachache wa kuuliza kwa niaba ya wote, ndio rahisi. Kazi yenyewe ni kuuliza. Mtu hajapiga kura anakwambia amepiga, hiyo tumeizoea, sasa muulize kama alipewa kitu ili apige kura uone, nani akubali mbele ya mgeni aliyeshika dodoso?

Ndio ikaja mbinu ya orodha. Unagawa wahojiwa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja linasomewa mambo manne ambayo wanakampeni hufanya, wamebandika mabango, wamekuja nyumbani na kadhalika, lile lingine linasomewa hayo hayo manne pamoja na la tano, walikupa zawadi au walikufanyia fadhila. Hakuna anayeulizwa ni lipi limemtokea, anataja idadi tu. Tuseme kundi la kwanza wastani ni 1.9 na la pili 2.1, tofauti ni 0.2, maana yake watu kama 20 kwa kila 100 walipewa, ila fulani na fulani ni akina nani huwajui na huwezi kuwajua hata ukitaka (na mimi ndio raha yangu hapo).

Nicaragua walijaribu hivyo baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2008. Walioulizwa moja kwa moja, kama 2 kwa 100 ndio walikubali, kwa orodha ikaja 24. Nchi ile ile, uchaguzi ule ule!

Ina shida zake lakini. Inataka watu wengi ndio namba itulie, halafu kuna yule anayejibu "yote matano", hapo siri yake imeshatoka, kwa hiyo kwenye orodha lazima uchomeke jambo moja ambalo karibu hakuna mtu limemtokea, na kulitafuta jambo lenyewe unaweza ukamaliza wiki nzima mnabishana na wenzako.