LPN na RN: ngazi mbili za uuguzi nchini Marekani

Nchini Marekani, muuguzi anayemhudumia mgonjwa huwa na leseni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ya muuguzi wa vitendo, LPN, ambaye katika majimbo ya California na Texas huitwa LVN. Ya pili ni ya muuguzi aliyesajiliwa, RN. LPN husoma takriban mwaka mmoja kisha hufanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX-PN. RN husoma kati ya miaka miwili na mitatu kwa stashahada, au minne kwa shahada, na mtihani wake ni NCLEX-RN.

Ukiwatazama kazini unaweza usiwatofautishe. Wote hupima presha, husafisha vidonda, huweka mpira wa mkojo, hutoa vidonge na kuchoma sindano. Tofauti hujitokeza pale uamuzi unapohitajika. Mgonjwa anapolazwa, RN ndiye anayemchunguza kwa ukamilifu, anayeandika mpango wa uuguzi na anayeubadilisha hali inapobadilika, ilhali LPN hukusanya taarifa, hutekeleza mpango huo na kutoa ripoti, akifanya kazi chini ya uelekezi wa RN au daktari. Mgonjwa akianza kupumua kwa shida usiku wa manane, LPN anatarajiwa kuligundua hilo, kupima na kuita mara moja. Kutafsiri dalili hizo na kupanga upya huduma ni dhamana ya RN.

Mpaka wenyewe huchorwa na sheria ya kila jimbo, na hapo ndipo wengi hukanganyikiwa. Kuna majimbo yanayomruhusu LPN kuweka dripu baada ya mafunzo ya ziada, na mengine humzuia kusukuma dawa fulani moja kwa moja kwenye mshipa au kuanza kumwongezea mgonjwa damu. Mwajiri anaweza kuubana mpaka huo zaidi, lakini hana ruhusa ya kuulegeza. Kwa hiyo maelezo ya ndugu aliyeko jimbo jingine, hata awe na uzoefu wa miaka mingi, hayatoshi kumwongoza mtu.

Kuhusu malipo, takwimu za serikali za Mei 2024 zinaonyesha kuwa mshahara wa kati kwa mwaka, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi hupata zaidi yake na nusu pungufu, ulikuwa dola 62,340 kwa LPN na dola 93,600 kwa RN. Pengo hilo ni kubwa, na kwa maoni yangu zamu za ziada haziliondoi, kwa kuwa RN naye huzipata. Mahali pa kazi pia huchangia: LPN wengi wako katika nyumba za kutunzia wazee, na zaidi ya nusu ya RN wako hospitalini.

LPN anayetaka kupanda hurudi chuoni kupitia programu za daraja (bridge) zinazotambua sehemu ya masomo yake ya awali. Kwa Mkenya au Mtanzania ambaye tayari anaishi Marekani kihalali, njia hiyo ya kuanza kufanya kazi mapema kama LPN kisha kupanda ina mantiki. Aliye bado nyumbani na mwenye sifa za RN yuko katika hali tofauti: wauguzi waliosajiliwa wamo katika orodha ya fani zenye upungufu, hivyo mwajiri anayewaombea ukazi wa kudumu halazimiki kuthibitisha kwanza kwamba amekosa Mmarekani wa kuijaza nafasi hiyo. LPN hawamo katika orodha hiyo.