Wili alaimenti ni nini hasa, na kwa nini tairodi na bol jointi zichekiwe kwanza

Wili alaimenti ni kupanga tairi zikae kwenye zile pembe alizoziweka mtengenezaji wa gari, basi. Hakuna kinachobadilishwa wala kilicholegea kinachokazwa hapo, na sio kitu kimoja na wili balansi japo watu wanavichanganya kila siku. Balansi ni habari ya uzito wa tairi na rimu, ndo vile vipande vidogo vya chuma vinavyogongelewa pembeni ya rimu, na ikiwa haijakaa sawa usukani unatetemeka ukifika spidi ya kama 80 mpaka 110 hivi, ukipunguza unatulia. Alaimenti ikiharibika gari inavuta upande, au usukani unakaa kombo wakati barabara imenyooka, au tairi inaliwa upande mmoja. Ila kama inavuta pima upepo kwanza, tairi moja ikiwa na upepo mdogo tu gari itavuta vilevile.

Pembe ziko tatu. Kemba ni tairi ilivyoinama ukiitazama kwa mbele, juu imeingia ndani au imetoka nje. Kasta unaiona kwa ubavuni, ni mlalo wa ule mhimili ambao tairi inageukia, na hii ndo inafanya usukani urudi wenyewe katikati ukimaliza kona. Halafu kuna tou, na kwa mtu wa kawaida naona hii ndo ya kuielewa kuliko zote, maana ndo inayomaliza tairi haraka na kwenye gari nyingi ndogo ndo pekee fundi anayoweza kuirekebisha bila kuongeza vifaa. Ni kama nyayo za mtu aliyesimama, vidole vimeelekeana ndani au vimeachana nje. Tou ikikosea milimita chache tu tairi inakuwa inaburuzwa kiubavu kidogo kidogo njia nzima. Pitisha kiganja kwenye kashata za tairi kutoka ndani kwenda nje halafu rudisha, ukisikia kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza, hapo tou imeondoka.

Sasa tou inashikiliwa na nini? Ukizungusha usukani, shafti yake inazungusha gia ndogo huko chini, ile gia inasukuma reki (chuma kirefu chenye meno) kulia au kushoto, reki inasukuma tairodi, na mwisho wa tairodi kuna tairodi endi iliyofungwa kwenye nako inayobeba tairi. Tairodi endi ina nyuzi kama za skrubu, fundi anairefusha au anaifupisha, na hiyo ndo alaimenti yenyewe. Bol jointi iko jirani hapo, inaunganisha nako na kontro ami (mkono wa chuma unaoshikilia nako kwenye gari) ili tairi iweze kupanda na kushuka kwenye mashimo huku inageuka. Zote mbili zina kichwa cha mviringo ndani ya grisi, kimefunikwa raba, na raba ikichanika vumbi na maji vinaingia, kichwa kinaanza kulika.

Kwa hiyo ukipeleka alaimenti gari yenye jointi zinazocheza umetupa hela, kwa sababu mashine inapima gari ikiwa imesimama, ukitoka tu na kugonga shimo la kwanza pembe zinahama zenyewe. Nyanyua gari, weka stendi (jeki peke yake usiiamini kabisa), shika tairi kulia na kushoto uitikise. Ikicheza, angalia tairodi na reki. Kisha shika juu na chini, ikicheza hapo ni beringi au bol jointi, mwambie mtu akanyage breki na wewe utikise tena, mchezo ukipotea ujue ni beringi, ukibaki ni bol jointi, na hiyo usiendeshe nayo hata kidogo maana ikichomoka tairi inalala na gari huiongozi tena.

Na ukibadilisha tairodi endi alaimenti ni lazima ifuate, hata fundi akiwa amehesabu nyuzi wakati anaifungua ili mpya aifunge palepale.