Ng'ombe akivunja uzio: tunayoambizana na yaliyo kweli

"Huyu ng'ombe ni mkorofi tu." Ndilo neno la kwanza kila asubuhi uzio unapokutwa umelala na jirani kasimama kwenye mahindi yake, mikono kiunoni. Ukorofi upo, sikatai, ila mara nyingi ng'ombe anafuata kitu: malisho, maji, chumvi, au ndama aliyetengwa naye. Upweke nao humtoa, maana ni mnyama wa kundi. Mfungie peke yake kwenye nyasi za kufika magotini, bado atawatafuta wenzake. Tunalosahau zaidi ni joto, yaani siku jike anapotaka dume. Jike asiye na mimba hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Kama mtamba wako huvunja uzio, akatulia wiki tatu, kisha akavunja tena, tazama kalenda kabla hujashika nyundo. Huyo anahitaji dume au mtaalamu wa uhimilishaji (kupandikiza mbegu bila dume), hahitaji seng'enge.

Na seng'enge yenyewe tunaiamini kupita kiasi. Tunaongeza nyuzi juu ya nguzo ambazo mchwa wamekwisha zila pale zinapoingia ardhini. Ng'ombe mwenye njaa akiegemeza uzito wake, nguzo inakubali, na yeye anatoka na chuchu iliyochanika. Zitikise nguzo moja moja, ukianzia pembeni na langoni. Wenye ua wa minyaa wazibe mapengo mapema, na wanapokata wakinge macho, kwani utomvu wake unaunguza.

Uzio wa umeme nao una maneno yake: eti lazima utaua mtoto. Mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hutoa mpigo mfupi mno, kama mmoja kwa sekunde. Unauma, lakini haukushikilii. Unaoua ni ule wa fundi wa mtaani anayeunganisha waya moja kwa moja na umeme wa nyumbani. Huo usiuguse wala usiuruhusu. Jingine ni kwamba kiangazi udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, hivyo ng'ombe anaweza kugusa waya asisikie kitu, na majani yanayogusa waya huula umeme njiani.

Shati jekundu, linalosemwa kuwa humtia ng'ombe hasira, halina kosa. Ng'ombe haioni vizuri rangi hiyo.

Kosa liko kwenye kelele na mbio. Macho ya ng'ombe yako ubavuni, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Ukimvamia kutoka huko anashtuka, na mbwa akiongezwa mtafukuzana hadi kijiji cha pili. Mwendee kwa ubavu, polepole. Ukiwa nyuma ya bega lake atasonga mbele. Ukipita mbele ya bega atasimama au atageuka. Afadhali zaidi, mtikisie ndoo ya pumba yule anayeongoza kundi. Wengine watamfuata.

"Angalau ameshiba bure." Hapa watu wanapoteza mifugo. Ng'ombe asiyezoea nafaka akivamia gunia la mahindi, tumbo hujaa tindikali. Atalegea, atahara, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mtama mchanga, au uliochipua upya baada ya kukatwa, una sumu ya jamii ya sianidi inayoweza kuua upesi sana. Ukijua alikopita, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usingoje aanguke.

Mwenye shamba naye ana lake: "Kaingia kwangu, nina haki ya kumkata panga." Hana. Tanzania na Kenya, Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayemuua au kumjeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi na bila haki. Haki yake ni kudai fidia, na mwenye ng'ombe asijifiche nyuma ya "mnyama hana akili". Piteni shambani pamoja, mbele ya mwenyekiti wa kijiji au chifu, mpige picha na mpime eneo. Mwiteni afisa kilimo kabla ya kutaja bei, kwa sababu mahindi machanga yaliyoliwa majani huku kiini kinachotoa majani mapya kingali chini ya udongo huweza kuchipua tena. Yaliyokwisha toa mbelewele hayarudi.