Adabu za kwenda kuona nyumba ya mtu

Jumamosi moja mteja aliniambia, "Nipo njiani, nakaribia kabisa." Nikampa taarifa mama mwenye nyumba kule Rau. Mama akafunga mbwa, akawapeleka wajukuu kwa jirani, akapiga deki sebule mara ya pili. Baada ya saa nzima nikampigia tena mteja, nikasikia nyuma yake wapiga debe wakiita abiria wa Sanya Juu. Jamaa alikuwa bado Boma Ng'ombe, nje kabisa ya Moshi! Tulipoingia kwa mama alitusalimia vizuri tu, lakini chupa ya chai iliyokuwa mezani alikuwa ameshairudisha jikoni. Nikajua siku imeharibika.

Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja, Moshi zaidi, Arusha mara mojamoja. Wateja huniuliza wakague nini. Ni wachache wanaouliza wakae vipi wakishakuwa ndani ya nyumba ya mtu, wakati mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: mwenye nyumba akikupenda atakuonyesha mwenyewe ukuta unaovuja wakati wa masika. Asipokupenda, atausogezea kabati.

Piga hodi hata kama geti liko wazi na mimi nimeshatangulia. Salamu kwanza, shikamoo kwa anayestahili, nyumba baadaye. Ukiona ndala zimepangwa mlangoni, vua viatu bila kuuliza, maana ukiuliza utaambiwa "ingia navyo tu", na anayesema hivyo hamaanishi. Njoo na mwenza wako, na fundi ukitaka, ila niambie mapema. Niliwahi kuletewa Noah nzima: shangazi, shemeji, mchungaji na watoto wanne. Walitawanyika vyumbani mpaka mwenye nyumba akawa hajui amfuate nani.

Kukagua ni haki yako, ila omba. "Naomba nifungue bomba nione presha." "Naomba niwashe taa ya huku." Hakuna anayekataa. Kabati lililojengewa ukutani ni sehemu ya nyumba, unaweza kuomba kulifungua. Kabati la nguo ni la mwenyewe, liache. Na ukiwasha kitu, kizime. Kuna mteja aliwasha hita ya bafuni kuijaribu, akaiacha, na mwenye nyumba akagundua jioni mita ya umeme ya LUKU ilipoanza kulia. Uniti ni zake, siyo zako.

Kuponda nyumba mbele ya mwenyewe ndilo kosa ninaloliona zaidi. Watu wanadhani wakikosoa sana bei itashuka. Ndugu wawili waliingia nyumba moja Kiboriloni wakaanza kuisema kwa Kirombo: choo kama cha shule, dari kama ya zizi (zizi gani lina dari, sijui). Mzee alikuwa kimya kwenye kochi, fimbo katikati ya magoti. Walipoaga, akawajibu kwa Kirombo kilichonyooka kuliko chao, kisha akawaeleza kwamba mama yake alitoka Mkuu, kulekule Rombo. Bei haikushuka hata shilingi. Kasoro unazoziona ziandike kwenye simu yako, niambie tukishatoka getini. Kazi ya kuzipeleka kwa lugha nzuri ndiyo unayonilipia.

Upande wa Arusha kuna swali la maji. Visima na chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru zina floraidi nyingi, ndiyo maana wengi waliokulia huko wana meno ya kahawia. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo kuuliza maji yanatoka wapi ni busara, hasa kama nyumba ina kisima chake. Lakini nimemsikia mteja akiuliza hivi: "Mbona watoto wenu meno yako hivyo?" Watoto wenyewe wamesimama pale. Dada mkubwa akafunga mdomo, hakuufungua tena mpaka tukaondoka. Uliza kama maji ni ya mamlaka au ya kisima, omba kujaza chupa moja, upeleke maabara. Jibu la maabara litakuwa la uhakika kuliko meno ya mtoto wa mtu.

Hati nayo ina mahali pake. Usiidai sebuleni siku ya kwanza kama askari wa barabarani anayedai leseni. Omba nakala kupitia kwangu, tutafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla hujatoa hata senti. Ila kuna jambo moja unaweza kulijua siku hiyohiyo kwa salamu tu: "Mama yupo? Tungependa kumsalimia." Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, mume hawezi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke, wala mke bila ridhaa ya mume. Ukiona baba anababaika, au mama anatoka jikoni akishangaa wageni ni wa nini, umeshapata habari kubwa kuliko nyufa zote.

Huku kwetu, nyumba zilizo kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, zina adabu yake ya ziada. Utakuta makaburi ya wazee nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Usikanyage, usisimame hapo kuulizia bei, na usiulize "haya mtayahamisha lini?" Hilo ni suala la ukoo mzima, na wakati mwingine ndilo linaloamua kama kuna kinachouzwa au hakuna. Mpaka wa kiwanja ukionyeshwa kwa masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani, pita kandokando yake. Usivunje jani ukatembea ukilichezea. Kwa Mchaga, sale ndilo jani analobeba anayekwenda kuomba msamaha.

Kuhusu picha, kosa lilikuwa langu pia. Nilimruhusu mteja apige bila kumuuliza mwenye nyumba. Yeye akazituma kwenye grupu la familia yake apate ushauri, na kabla ya usiku zikawa zimemfikia kaka wa muuzaji kule Dar es Salaam, ambaye hakujua kwamba mdogo wake anauza kwa sababu ya gharama za matibabu. Kikao cha ukoo kiliitishwa, na mimi nikaitwa nikaeleze. Tangu siku hiyo ninaomba ruhusa mimi mwenyewe getini, na picha za watu, namba ya nyumba na gari hazipigwi.

Bei haitajwi ndani, hata ukiwa na fedha mkononi. Vilevile usirudi peke yako usiku kuongea na mwenye nyumba ili kumruka dalali. Ndiyo, hapo ninatetea ugali wangu.

Ukishaondoka, nipe jibu jioni hiyohiyo au kesho yake, hata kama ni hapana. "Haijatufaa, tunashukuru" inatosha, nitaifikisha. Mama wa Rau bado ananipigia kuuliza kama yule kijana wa Boma Ng'ombe amefikia wapi.