Bei Iliyosomwa Siyo Bei Iliyoshinda

Nimeulizwa tena, na safari hii na mhandisi mzoefu: "Si mshushe tu bei? Zabuni za serikali za nje anachukua mwenye bei ya chini." Hapana. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Siku ya kufungua zabuni bei husomwa hadharani, na kabla ya jioni watu wameshampongeza mshindi. Kilichosomwa ni bei ghafi. Kamati ya tathmini bado haijagusa dhamana ya zabuni, saini, uzoefu, mitambo wala mauzo ya mwaka. Wengi huanguka hapo, bei yao haijatazamwa.

Kinachoniudhi zaidi ni watu kupuuza masahihisho ya hesabu. Kwa kabrasha za zabuni za Benki ya Dunia, jumla ikigongana na bei ya kizio (bei ya kipimo kimoja, kama mita moja ya ujazo), bei ya kizio ndiyo hutawala. Tuseme kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei zake, kuna uchimbaji wa mwamba, mita za ujazo 40,000. Umejaza dola 21 kwa kizio, lakini kwenye jumla ukaweka 480,000 kwa sababu aliyepiga hesabu alisoma 12. Kamati itaandika 840,000. Hizo 360,000 zinatosha kumfanya wa kwanza awe wa tatu, na ukiyakataa masahihisho zabuni yako inatupwa. Kipengele ulichoacha wazi je? Utakijenga, wala hutalipwa, maana inahesabiwa kwamba gharama yake umeiweka kwenye vipengele vingine.

Halafu watu hunitajia Panama kama ushahidi kwamba bei ya chini hushinda. Mwaka 2009 kundi lililoongozwa na Sacyr ya Hispania lilipata kazi ya malango mapya ya mfereji kwa dola bilioni 3.1 hivi, karibu bilioni moja chini ya Bechtel, kampuni ya Marekani. Wasimuliaji huacha kwamba pendekezo la ufundi lilipewa alama kabla bahasha za bei hazijafunguliwa, na kundi hilohilo liliongoza huko pia. Mwanzoni mwa 2014 kazi ilisimama kwa mvutano wa gharama za ziada za dola bilioni 1.6. Polandi, mwaka huohuo wa 2009, COVEC ya China ilichukua vipande viwili vya barabara kuu ya A2 kati ya Warsaw na Łódź kwa chini ya nusu ya makadirio ya serikali. Bei za vifaa zikapanda, na Juni 2011 mkataba ukavunjika.

Kanuni zinamruhusu mwajiri, yaani mwenye mradi, kumhoji mwenye bei ya chini kupita kiasi na hata kumkataa. Ila mstari uko wapi? Mimi siujui, na simwamini anayedai kuujua. Kampuni ambayo mitambo yake imeshalipiwa na iko tayari nchini humo kwa mradi uliopita inaweza kweli kujenga kwa robo pungufu. Kwenye karatasi inafanana kabisa na ile inayopanga kufidia baadaye kwa kudai malipo ya ziada. Tangu Septemba 2023 Benki ya Dunia inataka alama za ubora katika zabuni zake nyingi za kimataifa. Naunga mkono, ingawa maelezo mazuri ya mbinu za ujenzi yanaweza kuandikwa na mtu wa kukodiwa ambaye hatakanyaga eneo la mradi.

Kwa hiyo mkadiriaji wetu wa bei akitaka tupunguze asilimia 8, namuuliza inatoka kipengele gani. Ikitoka kwenye mitambo na akanionyesha hati, tunapunguza. Akisema tutaidai mbele ya safari, bei haishuki hata senti.